Watajeni na wanaoimba, si mtunzi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo moja kuhusu muziki mtakatifu wa kale wa Ulaya, ule wa zama za Renaisansi na Baroki (karne ya 15 hadi ya 18), ambao redio zetu huupiga sana nyakati za Kwaresima na ambao makala iliyotoka katika gazeti hili Jumapili ya Matawi iliusifu kwa moyo wote, lakini ikarudia kosa lilelile ambalo watangazaji wamekuwa wakilifanya mwaka hadi mwaka. Kosa lenyewe ni kuchukua muziki uliorekodiwa na watu ambao baadhi yao wangali hai, kisha kutuambia kwamba hivyo ndivyo ulivyoimbwa miaka mia nne iliyopita, bila kumtaja hata mmoja miongoni mwa wanaouimba.

Nina sababu ya kulisema hili. Jioni ya Jumatano ya Juma Kuu kwaya ninayoifundisha ilikuwa katika mazoezi ya mwisho, umeme ukakatika, nasi tukatoka kukaa barazani tukingoja urudi. Redio ndogo ya mlinzi wa kanisa ilikuwa ikipiga Miserere, yaani Zaburi ya 51, ya mtunzi Mwitalia Gregorio Allegri. Waimbaji wangu, ambao kwa kawaida hawanyamazi hata wanapobembelezwa, walinyamaza wote. Kwaya moja iliimba, wanaume wakajibu kwa sauti moja kwa mtindo wa Kigregori, kisha kutoka mbali kidogo kikaingia kikundi kingine, na ndani yake sauti moja nyembamba ikapanda peke yake hadi mahali ambapo sisi hatujawahi kufika, ikasimama pale kitambo, halafu ikateremka hatua kwa hatua na kujificha tena katikati ya wenzake. Ilifanya hivyo mara tano. Mama anayeongoza soprano zetu, ambaye huuza vitenge sokoni na ana sikio kali kuliko langu, alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, huyo ni mtoto au ni mama mtu mzima?" Tukasubiri mtangazaji atuambie. Mtangazaji alisema kwamba tulikuwa tumesikiliza wimbo wa karne ya 17 kama ulivyokuwa ukiimbwa mbele ya Baba Mtakatifu huko Vatikani, kisha akasoma tangazo la saruji.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na redio kuliko wengine, na maneno niliyashika. Walikuwa wakiimba kwa Kiingereza.

Allegri alikuwa padre na mwimbaji aliyeingia katika kwaya ya Papa mwaka 1629. Zaburi ya 51, ile ya "Ee Mungu, unirehemu", aliitungia muziki katika miaka ya 1630 kwa ajili ya ibada za Juma Kuu katika Kapela ya Sistina, kanisa dogo la Papa huko Vatikani, zile ambazo mishumaa huzimwa mmoja baada ya mwingine mpaka watu wabaki gizani. Aliigawa kwa kwaya mbili, moja ya sauti tano na nyingine ya sauti nne, zikipokezana ubeti kwa ubeti na kuungana mwishoni kuwa sauti tisa. Lugha ilikuwa Kilatini. Kinanda hakikuwapo, kwa kuwa kapela hiyo haikutumia ala, na hadi leo wanamuziki duniani wanaposema "a cappella" wanamaanisha kuimba kwa namna ya kapela. Sauti za juu hazikuwa za watoto wala za wanawake: ziliimbwa na wanaume, wengine kwa sauti ya kubana na wengine wakiwa wamehasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike. Ni habari isiyopendeza kuisoma, lakini bila kuisema hatuwezi kudai kwamba tunajua chochote kuhusu jinsi wimbo huu ulivyosikika.

Tena nota alizoziandika Allegri mwenyewe ni chache na za kawaida kabisa. Mtu akizisoma kwenye karatasi atashangaa ni kwa nini wasafiri walifunga safari kwenda Roma kuzisikiliza. Uzuri ulikuwa katika madoido ambayo waimbaji wenyewe waliyaongeza papo kwa papo na kurithishana kwa kusikia, kama vile mwimbaji hodari wa kaswida anavyolipamba neno moja kwa mizunguko ambayo haimo katika kitabu. Karatasi ilibeba mifupa. Nyama ilikuwa kooni mwa watu, na watu hao wamekwisha kufa.

Makala yenu ilisimulia kwamba Papa alikataza muziki huo usinakiliwe kwa tishio la kumtenga mtu na Kanisa, na kwamba dunia isingeujua kamwe kama si mtunzi Mozart, ambaye mwaka 1770, akiwa na umri wa miaka 14, aliusikia na kwenda kuuandika kutoka kichwani. Kwamba kijana yule aliuandika, barua ya baba yake ya Aprili mwaka ule inashuhudia, na sina ugomvi na sifa zake. Lakini nakala zilikuwa zimekwisha kutoka nje ya Vatikani kabla yake: ipo iliyopelekwa kwa Kaisari Leopold wa Kwanza huko Vienna, ipo iliyokwenda kwa mfalme wa Ureno, na ipo aliyopewa Padre Martini wa Bologna, mwalimu mkubwa wa muziki wa wakati huo. Mwaka 1771 Mwingereza Charles Burney aliuchapa London, na yeyote aliyekuwa na fedha aliweza kuununua. Nakala ya Mozart imepotea. Ya Burney ipo, na ndani yake ile sauti iliyowanyamazisha waimbaji wangu haimo kabisa.

Hapo ndipo habari inaponoga, na nitaomba msomaji anivumilie. Sauti ile ya juu ni ile ambayo wenye nota za mistari huiita C ya juu (sisi tuliolelewa na solfa tungechanganyikiwa, kwa kuwa do yetu huhama na wimbo). Mwaka 1831 mtunzi Felix Mendelssohn aliisikia Miserere huko Roma na kuandika kipande cha alichokisikia, na waimbaji walikuwa wameupandisha wimbo kwa umbali wa kutoka do hadi fa. Nusu karne baadaye, mwaka 1880, kamusi kubwa ya muziki ya George Grove ilipoeleza habari za Miserere, kipande hicho kilichopandishwa kilichomekwa ndani ya ubeti wa zamani ambao haukuwa umepandishwa. Waliokuja nyuma walikinakili kama kilivyo. Fundi cherehani angekiona kiraka hicho mara moja, maana katikati ya ubeti muziki unaruka ghafla kutoka uwanja wake na kuingia uwanja mwingine, na mwimbaji wa sauti ya kwanza hana njia isipokuwa kupaa. Kwa maneno mengine, pale panapowatoa watu machozi ni pale palipokosewa na wanakili wa Uingereza katika karne ya 19. Allegri alikuwa kaburini tangu mwaka 1652.

Toleo lenye kiraka hicho, likiwa na maneno ya Kiingereza, lilitayarishwa na Ivor Atkins na kuchapwa mwaka 1951 kwa ajili ya makanisa ya Kianglikana. Mwaka 1963 kwaya ya King's College ya Cambridge, ikiongozwa na David Willcocks, ililirekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Argo, na aliyeimba sauti ya juu alikuwa mtoto wa miaka 12 anayeitwa Roy Goodman. Hiyo ndiyo iliyopigwa jioni ile. Ninayo CD yake niliyoachiwa na padre mmoja mzee alipokuwa akirudi kwao, na umeme uliporudi niliiweka, na kabla ubeti wa tatu haujaisha sikuwa na shaka. Kwa hiyo tulichoambiwa ni cha Vatikani, cha Kilatini na cha karne ya 17 kilikuwa cha Kianglikana, cha Kiingereza na cha mwaka 1963, na sauti iliyotuduwaza ilikuwa ya mtoto, aina ambayo katika kwaya ya Allegri haikuwa na kazi hiyo.

Mtangazaji angeweza pia kuchagua rekodi nyingine maarufu, ya mwaka 1980, ya kundi la Tallis Scholars lililoanzishwa na Peter Phillips mwaka 1973. Hao waliimba kwa Kilatini katika kanisa la Merton College, Oxford, wakiwa watu wazima tupu, na C ya juu ikaimbwa na mwanamke, Alison Stamp. Jibu la swali la mama yule lingekuwa tofauti kabisa. Rekodi zote mbili ni za kazi ileile ya Allegri, zote zina kiraka kilekile, lakini ukizisikiliza moja baada ya nyingine unaona ni nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja na mafundi wasiojuana. Sauti ya mtoto ni nyembamba na haina mtetemo, nawe unasikiliza huku umekaza mikono kwa hofu kwamba itakatika. Ya mwanamke imetulia, inajua inakokwenda. Na mwangwi nao ni mwimbaji. Katika King's College sauti inakwenda hadi kwenye dari la mawe na kurudi ikiwa imechelewa, hata nota ya kwanza haijafa ndipo ya tatu inazaliwa. Sisi tunaoimba chini ya mabati tunajua tofauti yake, kwa sababu kwetu sauti huanguka pale pale ilipotoka, na mvua ikianza ndiyo basi.

Wako pia Wafaransa wa kundi la A Sei Voci, ambao katika miaka ya 1990 waliirekodi Miserere kwa kuongeza madoido ya namna ya Baroki, wakijaribu kuukaribia uimbaji wa waimbaji wa Papa. Niliwapigia wanakwaya wangu rekodi hiyo. Walisikiliza kwa heshima, kisha kijana mmoja wa besi akasema, "Mwalimu, hawa wamekosea wimbo." Nikamwelewa. Alikuwa ameuzoea ule wenye kosa.

Ukitaka kumsikia mwimbaji wa Sistina wa aina ile ya zamani kwa sikio lako, liko dirisha dogo sana. Mwaka 1902 na mwaka 1904 mafundi wa Gramophone Company walikwenda Roma na kumrekodi Alessandro Moreschi, mmoja wa wanaume wa mwisho waliohasiwa katika kwaya hiyo. Anachoimba katika santuri hizo nilizozisikia si Allegri, ni nyimbo za karne yake, na sauti yake imejaa vilio na miruko ambayo leo mwalimu yeyote wa kwaya angeirekebisha. Sijui niseme ni nzuri au ni mbaya. Ninachojua ni kwamba haifanani hata kidogo na mtoto wa Cambridge, na kwamba kila mara ninapoisikiliza huizima kabla haijaisha.

Nisije nikaonekana nalipigania jambo la wimbo mmoja. Haleluya ya Handel, kipande cha kazi yake kubwa iitwayo Messiah, inaimbwa Pasaka karibu katika kila parokia na usharika mkubwa nchini, kwa nota za solfa zilizotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia, na wengi wetu tuliijifunza kwa kusikiliza kaseti. Miaka ya nyuma kijana wetu mmoja alileta matoazi kanisani, akisisitiza kwamba Haleluya bila matoazi haijakamilika, kwa kuwa aliyasikia kwa masikio yake. Aliyasikia kweli. Yamo katika rekodi ya mwaka 1959 ya kiongozi wa okestra Thomas Beecham, ambaye aliagiza muziki wote upangwe upya na Eugene Goossens kwa okestra kubwa ya kisasa. Handel aliandika tarumbeta na ngoma za timpani, matoazi hakuyaweka. Kazi hiyo ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwaya ilikuwa ndogo, watu wachache kuliko wanaojaa katika daladala mbili. Mwaka 1784, Handel akiwa amekwisha kufariki, Waingereza walimfanyia ukumbusho katika Westminster Abbey kwa waimbaji na wapigaji ala wapatao 500, na tangu hapo wakawa wanaongeza idadi kana kwamba utakatifu unapimwa kwa mizani.

Waliongeza hadi tarehe 29 Juni 1888, katika jumba la Crystal Palace, London, watu wapatao 4,000 walipoimba kazi nyingine ya Handel, Israel in Egypt, na wakala wa Thomas Edison, Kanali George Gouraud, akaweka mashine ya kurekodi mahali fulani mbali na jukwaa na kunasa vipande kwenye mitungi ya nta. Mitungi hiyo imehifadhiwa, na ni miongoni mwa rekodi za muziki za kale zaidi zilizopo duniani. Ukiisikiliza ni kama watu wanaimba upande wa pili wa mvua kubwa: unashika mwendo, unashika kupanda na kushuka, na mwendo wenyewe ni wa kujikokota kama maandamano ya msiba. Waliokuwa ukumbini siku ile waliamini kwamba wanamwimba Handel kama inavyompasa. Mwaka 1980 Christopher Hogwood alitoa rekodi ya Messiah kwa kwaya ya wanaume na watoto ya Christ Church, Oxford, akifuata namna ilivyoimbwa mwaka 1754 katika hospitali ya watoto waliotupwa huko London, kwa ala za zamani na mwendo mwepesi unaokaribia kucheza. Kati ya rekodi ya mitungi ile na hii, mtu asiyemjua Handel anaweza kuapa kwamba watunzi ni wawili.

Sasa ombi langu, Mhariri, ni dogo, na halihitaji fedha. Redio inapopiga wimbo wa kwaya ya kwetu, mtangazaji husema bila kuulizwa: kwaya ya mtakatifu fulani, parokia fulani, jimbo fulani, na mara nyingi huongeza jina la mtunzi na la mpiga kinanda. Akisahau parokia, simu zitapigwa mpaka aombe radhi. Heshima hiyo tumeijenga wenyewe na tunaidai. Kwa nini basi wimbo ukitoka Ulaya wanakwaya wake wanageuka kuwa watu wasio na kwao, kana kwamba muziki umetoka moja kwa moja kaburini kwa mtunzi? Nimesikia kantata (kazi ya waimbaji na ala) ya Bach ikitangazwa kuwa "Wajerumani wakimwimbia Mungu", na waliokuwa wakiimba walikuwa Bach Collegium Japan, kundi la Masaaki Suzuki, ambalo lilizirekodi kantata zote takatifu za Bach kuanzia mwaka 1995 hadi 2013 huko Kobe, Japani. Kabla yao Nikolaus Harnoncourt na Gustav Leonhardt walizirekodi kati ya mwaka 1971 na 1989, wakitumia watoto wa kiume kwa sauti za juu. Ni kantata zilezile, ila moja ina wavulana na nyingine ina wanawake wa Kijapani wanaotamka Kijerumani kwa uangalifu unaotuaibisha sisi tunaobabaisha Kilatini. Msikilizaji ana haki ya kujua yuko kwa nani.

Jina la kwaya, jina la kiongozi, mahali na mwaka: maneno hayo yote yanasomeka kwa muda mfupi kuliko tangazo la saruji. Yameandikwa nyuma ya kila CD. Shida ni kwamba siku hizi muziki huu unafika redioni, na hata katika simu za wanakwaya wangu, kupitia WhatsApp kama faili lenye jina la tarakimu tupu, au lenye neno "Vatican" lililowekwa na mtu aliyependa lisikike hivyo. Faili la namna hiyo lisipigwe hewani mpaka mwenye zamu ajue limetoka wapi, kama vile gazeti hili lisivyochapa picha bila kujua aliyeipiga. Na makala zenu zinapoandika habari za watunzi Palestrina, Victoria au Allegri, ziseme ni rekodi gani mwandishi aliisikiliza, kwa sababu sifa nyingi alizompa mtunzi katika makala ile, kama vile "usafi wa kitoto", zilikuwa za mtoto kweli, na mtoto huyo ana jina.

Sitaki mtu yeyote aiache rekodi ya mwaka 1963 kwa kuwa ina kosa. Mimi mwenyewe kati ya zote ndiyo ninayoipenda zaidi, na kila mwaka huisikiliza Ijumaa Kuu baada ya ibada, peke yangu, nikijua vizuri kabisa kwamba Allegri asingeitambua.

Jumamosi iliyofuata, tulipokutana kupamba kanisa kwa ajili ya mkesha, nilimpelekea mama wa soprano jibu lake. Nilimwambia ni mtoto wa kiume, aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1963. Alikuwa amepanda kiti akifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo, akahesabu kimoyomoyo, pini zikiwa midomoni, kisha akazitoa na kusema, "Basi leo huyo ni babu wa watu."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa kwaya ya parokia,
Songea